Tulirudi kuangalia kidonda changu

Jumamosi iliyopita tulikua watu saba tumeuzunguka mti mmoja, mjakaranda, tunaangalia kidonda. Mtu akipita njia lazima ajiulize hawa wamedondosha nini, maana hakuna aliyeshika msumeno, mmoja kachuchumaa na rula, mwingine anamulika tochi ya simu na ni saa nne asubuhi jua linawaka. Mimi nimejificha nyuma ya wote kama mtoto aliyevunja kikombe, kwa sababu kidonda ni changu. Nilikikata mimi miaka miwili iliyopita na daftari linasema hivo hivo: tarehe, mti gani, upande gani, upana wa tawi sentimita 11, na jina la aliyekata.

Ndo klabu yetu hiyo. Nikimwambia mtu niko kwenye klabu ya kujitolea ya kupogoa miti ya mapambo anacheka kwanza, afu anauliza "sasa mnafanya nini, mnakata tu?" Na kusema kweli hata mimi nilivyojiunga nilidhani ni kukata tu. Nilikua na mkasi mpya na hamu kubwa, basi.

Aliyeianzisha ni mama mmoja nesi mstaafu, wote tunamwita Sista, na ukishajua hilo kila kitu cha klabu kinaeleweka. Miti ni wagonjwa wake. Daftari ni faili. Na mara moja kwa mwezi hatukati kabisa, tunafanya raundi, yaani tunapita kwa miti tuliyoikata mwaka jana na mwaka juzi, tunaangalia kila jeraha linaendeleaje. Watu wapya wanachoka na raundi, wanaona ni siku ya bure, wengine wanaacha kuja. Mimi sasa hivi naona raundi ndo klabu yenyewe na kukata ni kazi ndogo ndogo ya katikati. Kwa sababu fikiria, yule unayemlipa aje akukatie mti anakuja na msumeno wa mota, anamaliza, anaondoka, hataona tena alichokifanya. Mwenye mti nae haangalii juu. Kuoza kunaanza taratibu ndani, miaka inapita, siku tawi likianguka hakuna anayekumbuka nani alikata nini. Mtu anaweza kufanya hii kazi miaka ishirini anakosea vilevile kila siku na asijue, sio kwamba ni mjinga, hajawahi kurudi tu.

Siku yangu ya kwanza sikukata kitu. Ya pili pia. Nilipewa kazi ya kuzunguka mti na kusema naona nini, na mimi nikasema naona mti. Sista akaniambia zunguka tena mwanangu. Nikazunguka. Kidogo kidogo unaanza kuona: kuna tawi kavu pale ndani, kuna mawili yanasuguana mpaka gome limechubuka, kuna moja limetoka huko likageuka linarudi kuelekea katikati ya mti, kuna mashina mawili yamebanana pembe nyembamba kabisa na gome limekunjiwa ndani katikati yao, hapo hakuna mshiko, ni kama limebandikwa tu. Sheria ya klabu ni kwamba unaanza na vilivyokufa, vinavyoumwa na vilivyovunjika, ukishatoa hivyo unashuka, unarudi nyuma hatua kumi na unaangalia upya. Mara nyingi kazi inakua imeisha hapo, na wewe ulikuja na mipango mikubwa. Na hata kama haijaisha, hatuvuki robo ya majani kwa mwaka mmoja, maana majani ndo jiko la mti, huwezi kubomoa jiko la mtu afu umwambie apone vizuri.

Mkasi nao una somo lake. Kuna ule ambao kisu kinapita pembeni ya mdomo wa pili kama mkasi wa kawaida, na kuna ule ambao kisu kinashuka kugonga bati bapa. Wa pili unaponda, huo tunaukatia vikavu tu. Halafu hata huo wa kwanza kuna upande wake, kisu kiwe kwenye shina na ule mdomo mnene uwe upande wa kipande kinachodondoka, ukiugeuza unabakiza kigutu cha nusu sentimita bila kujua. Kitu kidogo hivi, nimeona watu wamepogoa mawaridi miaka na miaka hawajui, nikiwemo mimi. Na kati ya mti na mti ni spiriti, unafuta kisu kabla hujagusa mwingine, hapo Sista hana mchezo. Wengine wanatumia dawa ya kufulia nguo nyeupe, inaua vijidudu sawa lakini inakula chuma, mkasi wako utaota kutu kabla hujazoea mpini.

Sasa nije kwenye kola, maana bila kola hutaelewa nilikosea nini.

Nenda kwenye mti wowote uangalie pale tawi linapotokea kwenye shina. Chini yake pana uvimbe kidogo, mikunjo inayozunguka mwanzo wa tawi kama kola ya shati inavyozunguka shingo. Juu yake, kwenye ile pembe, gome limesukumwa likatuna kama mshono. Hiyo kola ni ya shina, sio ya tawi, na ndani yake ndo kuna ulinzi mkubwa wa kuzuia uozo usiingie. Kwa hiyo unakata nje tu ya kola. Ukikata mbali umebakiza kigutu, kitakauka, kitaoza, na mti hauwezi kukifunika kwa sababu kimetokeza kama kigingi. Ukikata karibu mno, ukalisawazisha na shina mpaka pakawa laini, umeikata kola yenyewe, umebomoa mlango na fremu yake.

Tawi zito unalikata mara tatu. Kwanza chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, msumeno uingie kiasi cha theluthi hivi. Pili juu, mbele kidogo ya hapo, tawi linakatika linaanguka bila kuchana gome kushuka nalo mpaka kwenye shina. Tatu ndo unaondoa kile kipande kilichobaki, pale kwenye kola, bila haraka, mkono mmoja umekishika kisije kikaning'inia. Misumeno yetu mingi inakata ukivuta, sio ukisukuma, na mtu mgeni utamjua tu, anasukuma kwa nguvu zote blade inapinda.

Basi mimi wakati ule nilikua na miezi mitatu kwenye klabu. Nilikua nimeshajiona fundi. Ule mjakaranda uko mbele ya maktaba, tulikua na ruhusa, na tawi lenyewe lilikua la kutoka, hilo hakuna ubishi, lilikua limekufa nusu. Nikakata mara tatu kama nilivyofundishwa, vizuri kabisa, halafu nikaangalia ile kola imetuna nikaona inakera macho. Nikasema hapa ngoja nipasafishe. Nikaushika msumeno nikaulaza kwenye shina nikaipunguza kola yote, ikatoka duara kubwa jeupe, laini, limekaa sawasawa na shina kama limepigwa randa. Nilipiga picha. Nikaituma kwenye grupu na alama ya dole gumba! Kimya. Dakika tano kimya, afu Sista akaandika neno moja, "Shuka."

Hakunigombeza. Alinipa tawi lingine la mti uleule, dogo kidogo, upande wa pili, akasimama chini yangu nikalikata nje ya kola kama inavyotakiwa, likabaki na ule uvimbe ambao kwangu mimi ulionekana kazi haijaisha. Akayaandika yote mawili kwenye daftari mstari wa juu na wa chini. Akasema tutaonana nayo.

Nilivyofika nyumbani nikaanza kusoma, na kumbe mimi nilifanya kitu ambacho wataalamu wenyewe walikua wanakifundisha miaka mingi tu, kusawazisha na shina ilikua ndo kazi safi. Aliyewabishia ni Mmarekani anaitwa Alex Shigo, alikua mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, akafariki 2006. Yeye badala ya kuangalia miti kwa nje alichukua msumeno wa mota akaipasua kwa urefu, maelfu ya miti, aone uozo unatembeaje ndani kuanzia kwenye jeraha. Na alichokiona ni kwamba mti hauponi. Sisi ukikatika ngozi mwili unatengeneza nyama mpya palepale, mti hauna uwezo huo, mbao iliyokufa imekufa. Unachofanya mti ni kujenga kuta. Unaifungia ile sehemu mbovu isisambae, juu na chini, kuelekea ndani, na pembeni, halafu mbao mpya inayoota baada ya jeraha inakaa nje ya ukuta wa mwisho ambao ndo imara kuliko zote. Ukuta wa juu na chini ndo dhaifu zaidi, ndo maana uozo unapenda kupanda na kushuka kwenye shina. Kwa hiyo sisi tunavyosema "kidonda kimepona" tunadanganya, kimezikwa tu, kiko humo ndani mpaka siku mti utakapokufa. Nilivyomwambia Sista hilo, akasema anajua, lakini neno la kidonda haliachi.

Kitu kingine kilichokufa siku hiyo ni rangi. Mimi nilikua na kopo kabisa la kupakia mikato, ile nyeusi ya kuziba. Haizuii uozo. Saa ingine inazuia unyevu usitoke na inakua blanketi la kuvu. Jeraha tunaliacha wazi lipigwe upepo. Hili watu hawalipendi jamani, yaani unaweza ukamweleza mwenye mti robo saa akaitikia, ukigeuka unakuta ameenda kutafuta rangi ya ukuta anapaka, anaona tumemwachia mgonjwa bila bandeji.

Ugomvi mkubwa lakini ni wa vichwa. Kila mwezi kuna mtu anatuomba tumkatie mti kichwa, "uwe mfupi tu, unatisha". Tunakataa na wanakasirika, na naelewa kwa nini, ni mti wao. Ila mti ukiukata kichwa haukubali kuwa mfupi. Kwenye ncha ya kila tawi kuna homoni inaitwa oksini inashuka chini inayaambia macho yote ya huko, yaani zile sehemu za kuchipua, laleni, bado zamu yenu. Ukikata ncha umemwondoa msimamizi, macho yote yanaamka kwa pamoja. Yanatoka machipukizi kumi pale palipokua na tawi moja, yananyooka juu kama fagio, yanakimbia kurudisha majani yaliyopotea, na hayajashikwa ndani ya mbao, yameota kwenye tabaka za juu tu. Miaka michache mti una urefu uleule, mzito zaidi, na kila tawi lake linasubiri upepo. Halafu katikati kunaoza. Tunachoweza kufanya ni kupunguza kwa kurudi nyuma mpaka kwenye tawi la pembeni lenye unene angalau theluthi ya lile unaloliondoa, hilo linaweza kuchukua uongozi, na mti unapungua bila kujua umepunguzwa. Kazi hiyo inachukua siku nzima na ikiisha mwenye mti anasema "mbona hamjafanya kitu." Mimi hiyo naichukulia kama pongezi, wenzangu wengine wanaumia.

Hatuko peke yetu, hii inanifariji. New York kuna shirika linaitwa Trees New York, lilianza 1976, linafundisha raia wa kawaida kupogoa miti ya barabarani na ukihitimu unapewa kibali. Seattle kuna PlantAmnesty, alianzisha mama anaitwa Cass Turnbull mwaka 1987, mtunza bustani aliyechoka kuona miti inakatwa vichwa akaamua kupiga kelele hadharani, na kelele zake zilikua za kuchekesha, ndo maana watu walimsikiliza. Sisi hatujafika huko, sisi tuna ngazi mbili na moja inayumba.

Humu ndani nako kuna vyama. Kuna watu wa maumbo na watu wa kuacha mti na umbo lake. Wa maumbo wanataka duara, koni, tausi. Wanapenda kututajia Levens Hall ya Uingereza, ile bustani iliyoanza kupangwa miaka ya 1690 na Mfaransa Guillaume Beaumont, mpaka leo kuna miti pale ina maumbo kama kofia na vipande vya chesi. Wa kuacha wanajibu kwa Wajapani, kwamba mtunza bustani wa kule anaweza kukaa juu ya msonobari mmoja siku nzima anachambua majani yake kwa vidole, na mwisho mti unaonekana kama upepo ndo umeutengeneza. Wanasahau kwamba Wajapani haohao wanavinyoa vichaka vikawa mviringo kama mawingu, lakini kwenye grupu ukweli hausaidii sana. Mimi niko upande wa kuacha, ila nakubali umbo kwenye kichaka kidogo chenye majani madogo ambacho kinavumilia kunyolewa, na sharti moja tu: ukimpa mtu duara umempa na kazi ya maisha. Ukiacha kulinyoa msimu mmoja lishakua nywele za mtu aliyetoka kulala. Kuna jamaa wetu alimtengenezea jirani yake ndege wa kijani, mzuri kweli, mdomo na mkia, miezi minne baadae akawa ngamia.

Tuna sheria nyingine ambazo sizielezei sana, miguu miwili ardhini au kwenye ngazi iliyoshikwa na mtu, hakuna kupanda mti, hakuna kukata chochote karibu na nyaya za umeme hata kama kitawi ni chembamba kama kidole, huo ni mti wa watu wa umeme. Kabla ya kukata tunaangalia viota. Na miti yenye utomvu mweupe vaa glavu na miwani, mimi niliwahi kujifuta jicho baada ya kukata mfrangipani na siku hiyo nilirudi nyumbani nikiongozwa mkono kama kipofu. Olianda ni mbaya zaidi, ina sumu kila mahali, matawi yake hatuyachomi kabisa kwa sababu hata moshi wake ni sumu.

Haya, turudi Jumamosi.

Mkato wa pili, ule aliousimamia Sista, ulikua umezungukwa na pete. Mbao mpya imetuna pande zote sawasawa, nene, ya mviringo, katikati pamebaki kitundu ambacho sarafu ingekifunika. Ukipitisha kidole unasikia pete inavyolala kuelekea ndani. Mwaka mmoja mwingine itakua imefunga, na baada ya hapo itabidi uwe na daftari kujua kwamba palikua na tawi.

Wangu mimi umekua jicho. Ndo ulivyo, mkato wa kusawazisha ukiukata duara unageuka jicho, kwa sababu mti unaota midomo ya pembeni kushoto na kulia lakini juu na chini hakuna kitu, kola ilikua ndo inayotakiwa kuota pale na mimi niliitoa. Gome limekufa kwenda juu na kwenda chini, pamechongoka. Yule mwenye rula akasoma sentimita 19 kwa urefu, yaani kidonda ni kikubwa kuliko nilivyokiacha. Sista akatoa bisibisi mfukoni akaigusa kona ya chini, akasukuma kwa vidole viwili tu, ikaingia. Sio sana, kama pingili moja ya kidole. Ilivyotoka ilikua na unga wa kahawia, unyevunyevu, na ile harufu ya uyoga.

Pembeni kidogo juu ya jicho, machipukizi matano yamesimama wima. Nikauliza tuyatoe? Sista akasema mwaka huu mti huu haukatwi kitu, uachwe na majani yake yote, una ukuta wa kujenga. Akaandika hivo.

Kuna binti amejiunga mwezi huu, ana mkasi mpya, bado una stika. Muda wote alikua anasikiliza na daftari alikua amelishika yeye. Akaweka dole gumba kwenye ile kona laini, akalitoa, akalinusa, akakunja uso. "Jamani," akasema, "ni nani huyu alimfanyia mti hivi?" Akaanza kufuata mistari kwa kidole kutafuta jina, na wengine wote watano wakageuka kuniangalia mimi.